Nilivyoitwa Bi kule Rodi Kopany

Mimi na mume wangu ni watu wa Tanga, na mwaka huu tunazunguka nchi za jirani. Katika mji mdogo wa Rodi Kopany tulipanga chumba kwa Mama Achieng. Kila mchana alisimama mlangoni pa jiko lake akaniita, "Bi!" Nami kwa madaha niliitika, "Abee!" nikabaki nimekaa, nikimsifia mume wangu heshima ya watu wa huku.

Jana nikamsikia akimwita mbwa, "Bi! Bi!" Nikanuna.

"Mama Achieng, hata mbwa ni Bi?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Bi ni njoo kwa Kijaluo! Kila siku nakuita ukuje ukule samaki, unaitika tu na unakaa. Nikasema huyu mgeni ana madharau. Sahani yako ndiyo mbwa anakulanga."