Gauni la Dada wa Kuba

Juzi benki nilimsikia karani akimwambia mteja kwamba fedha haziwezi kutumwa Kuba, kwa sababu dola hupitia Marekani. Tangu hapo usingizi haunijii vizuri. Nafikiria gauni moja.

Baba alisoma Kuba kabla hajamwoa mama, akaacha mtoto huko. Alasiri moja, nikiwa mtoto, alirudi kutoka sokoni mjini na gauni la marinda, akanivalisha uani, kwenye harufu ya dagaa waliokuwa wakikauka. Nilizunguka mpaka marinda yakapepea.

"Usilichafue," mama alisema. "Ni la dada yako. Yule daktari Mkuba wa hospitalini anarudi kwao, atambebea."

Niliyashika marinda. "Kwa nini asije kulichukua mwenyewe?"

"Kwao hawamruhusu kutoka," baba alisema.

Nilichojua mimi ni kwamba mtoto anayekatazwa kutoka amefanya kosa. Mimi sikuwa na kosa lolote, na gauni sikupata.

"Baba, basi na mimi nifungie ndani."

Sasa najua kwamba ni serikali ya Kuba iliyowazuia watu wake kutoka, na kwamba wakati ule dada alikuwa msichana mkubwa. Baba alimpima kwa kimo alichomwacha nacho. Siku ile alisema tu, "Geuka, mwanangu, nione mgongo."