Hoja Yangu Mbele ya Mgawa Maji

Shule nilisoma kidogo, ya misheni, wakati wa Mwingereza. Lakini kujenga hoja najua, na aliyenifundisha ni mwalimu aliyepanda milima kwa miguu kutoka Same, viatu vyake kavishika mkononi visiishe soli. Jina lake ninalo, na majina ya wote nitakaowataja ninayo. Siyaandiki, maana wajukuu zao tunasali nao.

Kwetu ni juu, upande wa Chome. Mashamba yetu yalinyweshwa kwa ndiva, bwawa la udongo linalojaa usiku na kufunguliwa asubuhi, maji yashuke kwa mfereji. Maji yaligawanywa asubuhi chache mfululizo, kisha ndiva ikapumzishwa. Kila asubuhi mzee mgawa maji alianza na mashamba ya juu, akishuka. Shamba la mama yangu, mjane, lilikuwa la mwisho kabisa. Kiangazi kile maji yakawa yanakata kabla ya kutufikia. Maharage yakaanza kujikunja, na hayo ndiyo yalikuwa makande yetu ya mwaka mzima.

Basi mwalimu akatuambia tuandike insha ya kutetea jambo. Nikaandika kwamba mama analia, mgawa maji ana roho mbaya, na Mungu anaona. Nikampelekea nikingoja sifa.

"Binti, hiki ni kilio," akasema. "Msibani kingefaa. Hoja iko wapi?"

"Si hiyo, mwalimu? Tunaonewa."

"Mzee mwenyewe anasemaje?"

"Sijamuuliza, mwalimu."

"Kamuulize. Ukiweza kulisema neno lake mpaka mwenyewe akubali, hapo ndipo uanze la kwako."

Nilimkuta anaziba tundu la ndiva kwa udongo na majani ya mgomba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mama yako kakutuma?"

"Hapana, ni mwalimu."

"Loo! Mwalimu naye analima maharage?" Akacheka. Nilipomuuliza kwa nini huanzia juu, akaacha kucheka. "Mfereji mkavu ni mlevi, mjukuu wangu. Nikianza na ninyi wa chini, utayanywa maji yote njiani. Ninyi mpate matope, na wa juu wakose."

Nikarudi nimenywea. Alikuwa amesema kweli! Mwalimu hakunipa jibu, aliniuliza tu: "Ni kweli kila siku?"

Nikatembea na swali hilo kama mzigo wa kuni. Asubuhi moja, nikienda kuni kweli, nikavuka mfereji kabla ndiva haijafunguliwa. Udongo ukaning'ang'ania kisigino. Ulikuwa bado umelowa maji ya jana. Nikasimama pale nikicheka peke yangu kama mwehu.

Insha nikaiandika upya, mwalimu akifuta na mimi nikirudia, mpaka nikamchukia. Halafu likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, watu wote tukaenda kuzoa tope la ndiva. Wakati wa kupumzika mwalimu akawaomba wazee mtoto wa shule asome kidogo. Wanawake hawakuwa na kauli pale. Nilipofungua kinywa, mwanamume mmoja akapaza sauti, "Leo tetea anawika!" Watu wakaangua kicheko. Mama akajifunika kanga usoni.

Nikaanza na neno la mzee: mfereji mkavu ni mlevi, na anayeanzia chini hupoteza maji ya wote. Nikalieleza lote, bila kulipunguza. Mzee akasimika jembe lake chini. "Hapo kanisema mimi hasa," akasema. "Nyamazeni tumsikie."

Ndipo nikasema la kwangu: mlevi aliyelewa jana, asubuhi hana kiu. Siku ya kwanza mfereji ni mkavu, basi wa juu watangulie. Siku ya pili umeshashiba, basi waanze wale waliokosa.

Mzee akakwangua tope mguuni, polepole. "Na wa juu siku hiyo?"

"Watafuata, babu. Walishapata jana."

Akamgeukia yule mwanamume wa tetea. "Wewe una la kujibu?"

Yule akaokota jembe lake, akarudi topeni.

"Basi tujaribu," akasema mzee.

Zamu ilipoanza, asubuhi ya pili, maji yalishuka kwetu jua likiwa bado changa, mekundu kwa udongo, yakisukuma majani makavu mbele yake. Mimi nilitaka kusimama nitazame kazi yangu. Mama alikuwa ameshaingia kati ya matuta, kanga kaifunga kiunoni, anapiga kelele mpaka majirani wa juu wanasikia: "We mwenye hoja! Lete jembe uzibe huku, maji yanatukimbia!"