Kompyuta Iliyosemekana Imekufa

Kompyuta yangu ya kwanza iliingia Bariadi ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi, juu ya lori lililokuwa limepeleka pamba Mwanza na kurudi tupu. Mume wangu aliinunua kwenye duka la vitu vilivyokwisha kutumika Ulaya. Soko lilikuwa limefunguliwa na kila kitu kilikuwa kinaingia: redio, majokofu, vyerehani, na kompyuta zisizo na kitabu cha maelekezo. Simiyu ulikuwa mto tu wakati huo, si mkoa. Sisi tulihesabiwa Shinyanga.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi. Mume wangu alikuwa bwana mifugo hadi alipopunguzwa kazini, kisha akapata ukarani kwa mnunuzi binafsi wa pamba, na msimu ukianza alihamia Zagayu, akirudi siku moja moja. Kwa hiyo kompyuta ikawa yangu. Nilijifunza kuchapa kwa vidole viwili, baadaye vinne, na haukupita mwaka shule saba zikawa zinaniletea mitihani ya majaribio ya darasa la saba. Kabla ya hapo mwalimu aliandika maswali ubaoni, na mtoto wa nyuma mwenye macho mabovu alifeli kabla hajaanza.

Nilipoiwasha kila siku ilipiga mlio mmoja mfupi, halafu namba zikapanda mbio kwenye skrini nyeusi hadi zikasimama 65536. Sikujua ni namba ya nini. Niliipenda tu, kwa sababu ni mbili kwa kipeo cha kumi na sita, na hakuna kitu kingine mjini pale kilichonisalimia kwa hesabu.

Jumamosi moja, wiki mbili kabla ya mtihani, haikunisalimia. Feni ilizunguka, taa ya kijani ikawaka, lakini skrini ikabaki nyeusi, na kutoka ndani ya kasha ukatoka mlio mrefu, mara tatu. Nikazima, nikawasha. Mara tatu tena. Nikakagua waya za ukutani, nikachomoa kibodi nikaichomeka upya. Mara tatu. Maswali ya shule saba yalikuwa humo ndani, na karatasi walimoyaandika walimu kwa mkono nilikuwa nimeshawashia moto jikoni.

Fundi kompyuta alikuwa mmoja mjini. Alikuwa mtu wa makamo, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni, na alisema amesomea Dar es Salaam. Alikuja, akasikiliza mlio, akatikisa kichwa, akalibeba kasha kwenda nalo dukani kwake karibu na soko. Alikaa nalo siku tatu. Siku ya nne alilirudisha, akaliweka mezani, akafuta mikono kama mtu aliyetoka kuzika.

"Mwalimu, mazabodi imekufa," akasema. "Hii hata Mwanza hawaiwezi."

Nikamuuliza mazabodi ni nini na imekufaje; baadaye nilijua ni ule ubao mkuu wa ndani. Akasema siyo kitu cha kueleza kwa mtu asiyekisomea. Akaongeza kwamba wanawake huwa tunafunika mashine kwa vitambaa vya kufuma, zinakosa hewa, halafu tunashangaa. Kitambaa nilikuwa nacho, ni kweli, lakini kilikuwa juu ya televisheni. Kisha akasema, kwa upole mkubwa, kwamba angenisaidia kuliondoa hilo kasha nyumbani lisinijazie nafasi.

Baba mkwe wangu alikuwa sebuleni akisikia yote. Alikuwa amekuja kutoka Kasoli kutibiwa jicho, akakaa kwetu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa kinu cha kuchambulia pamba, kinu cha ushirika, hadi wanunuzi binafsi walipokuja, ushirika ukaishiwa nguvu, kinu kikasimama, naye akaambiwa aende nyumbani. Aliondoka na mkoba wa spana na sifa ya kutosikia vizuri upande mmoja. Akamuuliza fundi: kama imekufa, kinacholia ni nini?

"Mzee, hii siyo trekta," fundi akasema, akacheka kidogo, akatoka.

Mimi kuambiwa sijasoma, sawa, nilishazoea. Lakini yule mzee alikuwa amewahi kufungua mashine kubwa kuliko nyumba yetu na kuifunga tena ikafanya kazi, na sasa mtu mwenye kalamu mbili anamcheka ndani ya nyumba ya mwanawe. Nikaapa kasha lile halitoki.

Kesho yake asubuhi, baada ya kunijibu salamu ya "mwangaluka, baba," mzee akasema tulifungue.

Ilikuwa shida kwa namna ambayo wasio wa kwetu hawataiona. Mke wa mtoto hakai bega kwa bega na baba mkwe. Hampi kitu mkononi. Anakiweka chini, naye anakiokota. Huko Kasoli nisingethubutu hata kula mbele yake. Lakini jicho lake moja lilikuwa limefungwa bandeji na lingine halioni vitu vidogo, na mimi sikuwahi kushika bisibisi. Hakuna ambaye angeweza peke yake. Basi nikaacha mlango wa mbele wazi kabisa ili kila apitaye aone, nikaweka meza katikati, yeye upande wake, mimi upande wangu. Skrubu nilizofungua niliziweka kwenye kisahani, naye akazihesabu. Bisibisi niliilaza mezani, naye akaichukua. Jirani alipita mara tatu bila sababu. Mara ya tatu nikamsalimia kwa sauti.

Mzee hakujua hata kifaa kimoja mle ndani, na hakujifanya anajua. Alikuwa na utaratibu tu. Alisema mashine yenye vitu vingi, unaondoa kimoja, unawasha, unasikiliza. Kisha unaondoa kingine. Kila nilichokitoa nilikichora kwenye daftari langu la maandalio ya somo, kilikaa wapi na waya yake ilielekea upande gani. Kila mara tulichomoa umeme kwanza. Tukatoa kadi ya kuunganishia simu. Mlio mara tatu. Tukatoa mashine ya sidii. Mara tatu.

Tulipofika kwenye mashine ya diski ndogo tuligombana. Mimi nilisema waya pana ilikuwa na mstari mwekundu upande wa kulia, yeye akasema kushoto, akairudisha kwa nguvu kama alivyotaka. Tulipowasha, taa ya mashine ile ikawaka na haikuzima tena. Nikamwonyesha mchoro wangu. Akautazama muda mrefu kwa jicho lake moja, akanung'unika kwa Kisukuma maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasikia, nami nikajifanya sikuyasikia. Tangu hapo alisema, "Mayu, angalia daftari," akiniita mama kwa Kisukuma, kabla ya kugusa chochote.

Mwisho tukabaki na kibao kimoja chembamba kilichosimama kwenye mfereji wake. Pembeni yake kulikuwa na mfereji mwingine wa namna ileile, mtupu, vibanio vyake viwili vimefunguka. Mzee akaniambia niangalie vumbi. Ndani ya kasha zima vumbi lilikuwa limelala kama unga wa mashineni, isipokuwa ndani ya mfereji ule mtupu. Ule ulikuwa safi.

Nilikitoa kibao kilichobaki. Meno yake, ambayo yalipaswa kung'aa kama shaba, yalikuwa na ukungu mweusi. Mzee akasema kwenye kinu waliyasugua kwa msasa. Mimi nikaogopa msasa, nikachukua raba ya kufutia penseli, nikayasugua pande zote mbili hadi yakang'aa, nikapuliza, nikakirudisha hadi vibanio vikalia. Nikawasha.

Mlio mmoja, mfupi.

Namba zikaanza kupanda, na mzee akasogeza kiti chake nyuma kana kwamba zingemfikia. Zikasimama. Lakini hazikusimama pale nilipozoea. Zilisimama 32768, ambayo ni nusu kamili: kumbe zilikuwa zikihesabu kumbukumbu ya mashine, iliyobebwa na vibao vile.

Ningepaswa kufurahi. Maswali yote ya shule saba yalikuwepo, hata alama moja ya mkato haikupotea. Badala yake niliutazama tena ule mfereji mtupu. Yule mtu alikuwa ameichukua mashine yenye vibao viwili, akachomoa kimoja, akairudisha, akaitangaza maiti, kisha akataka kupewa na mwili.

Nilikwenda dukani kwake siku hiyohiyo. Baba mkwe alitangulia, mimi hatua kadhaa nyuma yake kama inavyotakiwa. Fundi alinikaribisha vizuri. Nilipomwambia kibao changu kimepungua, akauliza nimejuaje, kwani ndani nilikuwa sijawahi kuona.

"Sikuwa nimeona ndani," nikamjibu. "Niliona namba. Ilikuwa sitini na tano elfu mia tano thelathini na sita. Leo ni nusu yake."

Nadhani hakuwa amewahi kukutana na mteja aliyeisoma ile namba. Akavuta droo ya meza yake na kuiacha wazi mbele yangu. "Chagua chako," akasema.

Vibao vilikuwa vimejaa mle kama dagaa. Kimoja kilikuwa na herufi za wino mwekundu, kifupi cha zahanati ya kanisa. Kingine kilikuwa na kipande cha plasta chenye jina la shule. Changu hakikuwa na alama yoyote ya kukitambulisha. Hakuona aibu hata kidogo. Hilo ndilo lililonikata maini kuliko wizi wenyewe, kwamba aliifungua ile droo ya mali za watu mbele yangu na kunialika nichote.

Nikamwambia sitachagua kitu kisicho changu, na kwamba nitawaambia wenyewe. Nikachukua kile cha wino mwekundu mbele ya macho yake. Hakunizuia. Mzee alikuwa amesimama mlangoni, ameujaza mlango.

Nilikwenda moja kwa moja zahanati. Karani wao, mama mmoja wa makamo, aliniambia mashine yao ilitengenezwa na mtu huyohuyo na tangu hapo ilikuwa nzito kama ng'ombe mgonjwa. Tuliifungua pamoja, nikakirudisha kibao mahali pake. Yule mama alipoona namba imepanda maradufu alikaa chini na kuanza kutaja, mmoja mmoja, watu waliompigia kelele mwaka ule wote kwa ajili ya uzito ule.

Mwalimu mkuu wangu nilipomweleza alisema ndiyo soko huria, kila mtu anatafuta. Nilimjibu kwamba mwizi alikuwepo hata wakati wa foleni za sukari, ila tulimwita mwizi. Hakupenda jibu hilo. Mtihani hata hivyo aliupokea umechapwa, kwa wakati.

Kibao changu sikukipata. Mashine ilibaki na nusu yake, ikawa inafikiri sana kabla ya kufungua kila kitu, na mimi nikajifunza kuchemsha chai wakati inafikiri. Fundi aliendelea na duka lake muda mrefu tu. Watu walipungua, lakini si wote.

Mume wangu aliporudi kutoka Zagayu, amejaa nyuzi za pamba hadi kwenye nyusi, aliikuta inafanya kazi. Nilikuwa nimemtumia habari kwamba imeharibika. Akauliza ni fundi gani amekuja, wa Mwanza au wa wapi.

Baba yake alikuwa anakula. Akaelekeza kidole chake upande wa jikoni nilikokuwa nimesimama. "Mke wako," akasema, akaendelea na ugali wake.

Mume wangu akacheka, akanigeukia. "Sema kweli," akaniambia. "Ni nani?"

Jibu alikuwa ameshapewa na baba yake, kwa hiyo jioni ile sikumjibu. Kesho yake pia sikumjibu.