Dirisha la Jiko la Mama Mkwe

Niliolewa mlimani nikitoka tambarare. Kwetu ni Makanya, jirani na reli, ambako baba yangu alichimba jasi na mama yangu alipika nje ya mlango kwenye jiko la mkaa, akisalimiana na kila aliyepita. Mama akikaanga vitunguu, mtaa mzima ulijua tunakula nini. Uhuru ulipofika nilikuwa bado shuleni. Nilipoolewa, vijiji vya ujamaa vilikuwa vimeanza kusemwa redioni kila siku, na mume wangu, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, alinipandisha juu ya Same kwa lori la ushirika, nimekalia gunia la chumvi, sanduku langu la bati likigongana na magoti yangu kila kona.

Asubuhi ya kwanza niliamka kwenye ukungu. Nilimkuta mama mkwe uani, nikapiga goti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo huku jikoni, kuna moto."

Nikamfuata, nikainama kupita mlangoni, na giza likanimeza. Nilisimama, nikagonga kichwa kwenye dari. Moshi ukaniingia machoni na kooni nikakohoa mpaka nikatoka nje mbio. Nyuma yangu nilimsikia mama mkwe akisema kwa upole, "Huku hatusimami, mwanangu. Huku tunakaa chini."

Jiko lile lilikuwa nyumba ya kwanza ya familia. Nyumba kubwa ya matofali na bati, tuliyolala, ilijengwa baadaye kwa kahawa ya baba mkwe, ambaye sikumkuta. Lakini mume wangu na ndugu zake wote walizaliwa pale jikoni. Kuta zilikuwa za mawe mpaka kiunoni, juu yake fito na udongo, paa la nyasi lililoshuka karibu liguse ardhi. Mlango ulikuwa mmoja, dirisha hakuna. Katikati palikuwa na mafiga matatu, na juu ya moto dari ya fito ambapo mama mkwe alipanga mahindi ya mbegu, maharage, vibuyu na kuni za akiba. Kila kitu kilikuwa cheusi kwa masizi na kiling'aa kama kimepakwa mafuta.

Yeye humo ndani hakupapasa hata siku moja. Alinyoosha mkono gizani akashika mwiko, akanyoosha tena akashika chumvi. Mimi nilimwaga maji, nilikanyaga kuku, niliunguza ugali. Nilijifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye masikio ili nywele zisinuke moshi, na bado kanisani nilijiona nanuka. Niliona aibu, na aibu ile taratibu ikageuka kuwa hasira juu ya lile jiko.

Mwaka wa pili bwana afya alikuja na balozi wetu wa nyumba kumi. Walipita kaya kwa kaya wakitazama vyoo, vichanja vya vyombo na majiko. Bwana afya aliingiza kichwa jikoni kwetu, akakitoa haraka akifuta macho.

"Mama, humu mnapikaje? Jiko lazima liwe na dirisha. Moshi huu unaharibu macho na kifua."

"Macho yangu yanaona, baba," alijibu mama mkwe. Lakini yalikuwa mekundu, na wote tuliyaona.

Jioni mume wangu alisema tulibomoe, tufyatue matofali, tujenge jipya kama la shule. Mama yake aliendelea kumenya ndizi. Alipomaliza chane nzima ndipo akauliza, "Limekukosea nini?" Mume wangu akachukua daftari za wanafunzi akaenda kusahihisha. Mimi nilikuwa na jibu, nikalimeza. Mkwe mpya hasemi juu ya jiko la mwenyewe.

Ningesema ingekuwa afadhali, maana nilichofanya baadaye kilikuwa kibaya zaidi.

Dada yake mama mkwe aliugua huko Bendera, kijiji cha tambarare, mama mkwe akateremka kwenda kumwuguza. Wakati ule nilikuwa nimetoka kusalimia kwetu, na nilikuwa nimerudi na mfuko wa jasi iliyosagwa, ile nyeupe ambayo mama yangu alipakia nyumba kila mwaka. Nikajiambia: nitamfanyia mama jambo la kumshangaza. Nilitoa vyombo vyote nje. Nilikwangua kuta na nguzo kwa jembe kuukuu, masizi yakaanguka mabamba kwa mabamba. Dari nikaona ndiyo inayoleta giza, nikaing'oa. Mahindi ya mbegu nikayatia guniani, nikayaweka stoo ya nyumba kubwa. Kisha nikakoroga jasi na maji nikapaka kuta, nguzo, mpaka yale mafiga. Nilifanya kazi siku tatu. Mume wangu alikuja kutazama, akacheka, "Umelivalisha kanzu!" Tukafurahi wote wawili kama watoto.

Mama mkwe alirudi siku ya tano, saa za mchana, na kikapu cha machungwa kichwani. Alikwenda moja kwa moja jikoni kama kawaida yake. Nikasimama nje nikisubiri anisifu. Alikaa humo kitambo, kisha akatoka.

"Mbegu ziko wapi?"

"Stoo, mama. Kwenye gunia."

Akaitikia kwa kichwa. Akaingia tena, akabeba mafiga yale meupe moja moja, akayapanga nje chini ya ukingo wa paa la zizi, akawasha moto pale. Hakunigombeza. Alipika pale siku ile, na kesho yake, na wiki zilizofuata. Alinipa chakula, aliitikia shikamoo zangu, alinituma kuni na maji. Ila jikoni hakukanyaga tena. Mvua za vuli zilipoanza alijifunika gunia mgongoni akaendelea kupuliza moto unaozimika. Majirani waliokuja walitazama, wakanitazama, wakaenda zao. Nilitamani mama mkwe anitukane.

Mimi nilibaki napika ndani peke yangu, kwenye mafiga niliyookota bondeni. Jasi haikuipenda hali ya mlimani. Ilianza kubanduka kwa unyevu na kuangukia chunguni, nikawa naopoa vipande vyeupe kwenye maharage. Nguzo nilizozikwangua zikaanza kutoa unga chini. Nikaweka sikio kwenye nguzo moja nikaisikia ikitafunwa. Nikakumbuka gunia la mbegu. Nikakimbilia stoo na kulifungua: bungua walikuwa wametoboa karibu kila punje, na vumbi la mahindi likaniganda mkononi.

Mume wangu alikuwa shuleni. Ningeweza kumsubiri aende kumwambia mama yake badala yangu, na niliwaza hivyo kweli. Badala yake nilibeba bakuli la zile punje nikaenda hadi chini ya paa la zizi, nikapiga goti kwenye matope.

"Mama, nimeua mbegu."

Alichukua punje moja, akaivunja kwa kucha. "Najua," akasema. "Nilijua ile siku niliyorudi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Wewe uliniambia?"

Nikaanza kulia. Aliniacha nilie, akachochea moto. Kisha akasogeza kigoda chake, akanipa mimi kigoda kingine, na kwa mara ya kwanza akaniambia habari za jiko lile. Alisema yeye na marehemu mumewe waliyabeba yale mawe kutoka mtoni kwa vichwa vyao, akiwa na mimba ya kwanza. Alisema masizi niliyoyaona uchafu ndiyo yaliyozuia wadudu miaka yote hiyo, na moshi wa dari ndio uliotunza mbegu tangu mama yake alipompa kibuyu cha kwanza. "Nilipoingia nikakuta kweupe," alisema, "nilijiona kama nimefiwa mara ya pili."

Akaongeza kuni motoni. Halafu akauliza, "Lakini wewe ulikuwa unataka nini hasa?"

"Nilitaka nione ninachopika, mama. Na nipumue."

Akaitupa motoni ile punje aliyoivunja. "Basi," akasema. "Ni hivyo tu? Ungesema."

Ndivyo tulivyoanza kulitengeneza jiko upya, safari hii wote. Mume wangu alileta tena wazo la matofali, mama yake akamwambia akafundishe hesabu. Tukamwita mwashi wa jirani, mzee aliyejulikana kwa kujenga kuta za mawe za mashamba yetu ya ngazi. Alipouliza dirisha litobolewe wapi, mimi nilionyesha upande wa barabara, maana kwetu dirisha ni la kuona wapitao. Mama mkwe akasema, "Ngoja." Akawasha gunzi, akalizima, akaliacha lifuke, akakaa nalo katikati ya jiko. Tukatazama moshi. Asubuhi ulielekea ukuta wa nyuma. Mchana, ukungu ulipoinuka, ulielekea huko huko. "Hapo," akasema. "Moshi wenyewe umechagua."

Mwashi akatoboa hapo, juu ya mawe, kwenye sehemu ya udongo, bila kugusa hata jiwe moja la marehemu. Alilizungushia mbao za mkwaju nene, na akaweka kifuniko cha kufungua kwa kusukuma juu. Saruji haikupatikana, duka la kijiji lilikuwa na misumari ya kuhesabu na ahadi nyingi. Tulikandika kwa udongo, majivu na samadi ya ng'ombe, mimi na mama mkwe, mikono ikiwa imetota mpaka kiwiko. Nguzo mbili zilizoliwa zilibadilishwa, nyingine zikapona. Siku ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kijiji, wanawake walipomaliza kufukua mfereji walipitia kwetu, kila mmoja na mzigo wa nyasi kichwani, wakaliinua paa pamoja na wanaume wao, likaachwa tundu pembeni mwa kilele ili moshi uliozidi utoke. Sasa niliweza kusimama bila kugonga kichwa.

Dari tuliirudisha palepale juu ya moto, ila juu zaidi kuliko mwanzo. Mama mkwe alichagua fito mwenyewe, akazifunga kwa kamba za mgomba, mimi nikishika upande wa pili. Jirani mmoja alitugawia mahindi ya mbegu zake, ambazo miaka ya nyuma zilitoka kwa mama mkwe huyo huyo. Mama mkwe aliyarudisha mafiga yake ndani kwa mikono yake, moja moja, akayageuza mpaka kila moja likakaa lilivyozoea. Ile rangi nyeupe ilikuwa imeshaungua ikaisha.

Bwana afya aliporudi na balozi alikaa kwenye kigoda, akakubali uji, akaumaliza. Alitikisa kichwa akitazama juu. "Nilidhani nitakuta la matofali," akasema. Mama mkwe akamjibu, "Uliomba dirisha, baba. Hilo hapo." Balozi alicheka mpaka uji ukampalia.

Sisi tulikuwa Wasabato, kwa hiyo Ijumaa ndiyo ilikuwa siku kubwa ya jiko. Chakula cha Jumamosi kilipaswa kuiva kabla jua halijazama. Ijumaa ya kwanza baada ya matengenezo tulibandika chungu kikubwa cha makande, tukakaa kila mtu na kigoda chake tukichambua mchicha. Mwanga wa alasiri uliingia dirishani ukaangukia mapajani mwetu. Moshi ulipanda, ukaipitia dari, ukatoka taratibu. Kwa kuwa haukunisumbua, nilifungua kitambaa changu nikakiweka begani.

Nikaona mama mkwe ameacha kuchambua.

"Hapo chini ya sikio," akasema, "una kovu."

"Ndiyo, mama. La utotoni. Nilimsogelea baba machimboni, beleshi likanipata."

"Miaka miwili tunakaa moto mmoja, sijaliona." Alinyoosha mkono akaligusa kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima kama kitambaa kimekauka. "Liliuma?"

"Baba alilia kuliko mimi."

Akacheka. Halafu akapandisha mkono wa gauni lake, akanionyesha alama ndefu ya moto kwenye kigasha. Aliipata humo jikoni, akasema, mwezi wa kwanza baada ya kulijenga, akipapasa gizani kutafuta mwiko. Mama mkwe wake mwenyewe alikuja kuwatembelea siku ile, akamwambia huku hatupapasi.

Mimi nami nilimwona siku hiyo. Niliona kwamba alikuwa na mwanya, na kwamba nyusi zake zilikuwa zile zile za mume wangu. Nje tulikuwa tunaonana kila siku, lakini nje mkwe huinamisha macho, ana mzigo kichwani, ana haraka. Pale tulikuwa tumekaa magoti yakigusana.

Tulipika pamoja miaka mingine tisa. Wanangu wote watatu waliota meno wakiguguna viazi vya kuchoma kwenye majivu ya pale. Alipoanza kudhoofika alikataa kulazwa chumbani mchana; tulimtandikia mkeka jikoni, chini ya dirisha, akiniongoza namna ya kupanga kuni nilizokwishajua kuzipanga. Nilimwacha aniongoze. Nikimwuliza, "Hivi, mama?" alijibu, "Hivyo hivyo, mwanangu," na kufumba macho akisikiliza chungu kikichemka.