Kibuyu Kilichomea Sebuleni

Nianze kwa kukiri: kibuyu cha mama nilikivunja mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka shambani na kikapu cha majani chai, mvua imeninyeshea hadi kwenye mifupa, na mama ameketi karibu na moto ananiambia chai niliyompikia asubuhi ilikuwa maji ya kuoshea vikombe. Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Nikabamiza mlango wa jikoni, msumari ukang'oka ukutani, kibuyu kikaanguka na kupasuka vipande vitatu.

Kibuyu hicho, sotet kwa lugha yetu, mama alikuja nacho alipoolewa huku Roret kutoka upande wa Siongiroi, kule chini kwenye joto. Ndani yake aligandisha mursik, maziwa yetu yale ya kutiwa makaa, tangu sijazaliwa. Angenitukana ningeshukuru. Aliokota vile vipande, akavifunga kwa leso, akaenda kulala jua likiwa bado liko juu.

Kuanzia siku hiyo akaacha kula, ila vijiko vichache vya uji nikimbembeleza. Chakula chake uzeeni kilikuwa mursik na kipande cha ugali, basi. Nikagandisha maziwa kwa jagi ya plastiki, akanusa, akarudisha. Nikaenda soko la Siongiroi nikamnunulia kibuyu kipya, kizuri, kimepambwa shanga. Akakizungusha mikononi akasema, "Hiki ni cha nyumba ya wengine." Nguo zikaanza kumpwaya. Hospitalini Longisa walimpima kila kitu, daktari akaniambia hana ugonjwa, muhimu ni ale tu. Haya, ale nini sasa?

Ndipo mama akatoa kifundo cha kitambaa chini ya godoro. Mbegu tatu. "Hizi ni za mama yangu," akasema. "Kama unaweza." Hilo "kama unaweza" lilinichoma kuliko matusi.

Mkono wangu ulikuwa unajua chai peke yake, na chai niliikuta imesimama shambani, kazi yangu ni kuchuma. Mbegu ya kwanza niliipanda nje, kando ya zizi. Ikamea vizuri, halafu mvua ya mawe ikaja mchana mmoja na kuikatakata kama sukuma wiki. Ya pili nikaifunika gunia, lakini baridi ya Julai ikaimaliza. Ikabaki moja. Nikaiweka kiganjani nikaiambia, wewe hutoki nje ya nyumba hii.

Fundi alitoa bati moja juu ya sebule akaweka lile la plastiki linalopitisha mwanga. Nikatoboa debe chini, nikajaza udongo na samadi, na juu yake nikaning'iniza taa nyekundu ya vifaranga kwa sababu ya baridi. Lakini maji! Nilimwaga kana kwamba ninanywesha ng'ombe, mpaka majani yakageuka manjano. "Mnyweshe kama mgonjwa," mama akaniambia kutoka kitini kwake. "Kidogo, halafu ngoja akuombe." Nikaanza kutia kidole kwenye udongo kila asubuhi, kikitoka na unyevu, hapewi kitu. Mmea ukanisamehe. Ukapanda kamba hadi kwenye mbao za paa, ukateremkia kochi, ukafunika kalenda.

Maua yalitoka meupe, mazuri, lakini yote yalikuwa na vikonyo vitupu, bila dalili ya kibuyu. Yalifunguka jioni, kesho yake yamenyauka, tena na tena, na mama akizidi kukonda.

Halafu nikafanya kosa la mchuma chai. Nilikuwa nimesimama kando ya mmea nikimbembeleza mama anywe uji, na mkono ukaenda wenyewe. Tap! Majani mawili na chipukizi, kutoka kwenye ncha kabisa ya mmea. Nilikuwa tayari nayapeleka nyuma ya bega kutafuta kikapu ndipo nikashtuka. Oi, jameni! Miaka zaidi ya ishirini ya kuchuma haimwombi mtu ruhusa. Nikaketi sakafuni nikalia kweli kweli, mtu mzima mimi. Mama naye akacheka. Akacheka mpaka akakohoa. "Umeuchuma kama chai!" Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu siku ya mlango.

Basi ule mmea ukafanya vile chai hufanya ukishaichuma: ukatoa machipukizi ubavuni. Na kwenye hayo machipukizi yakaja maua yenye kibuyu kidogo, saizi ya kidole, chini ya kila ua. Nilipiga vigelegele. Furaha ilikuwa ya siku chache, kwa maana vile vitoto vilianza kuanguka kimoja kimoja.

Wakati huo huo majirani walikuwa wanaona dirisha langu jekundu jioni, pazia limefungwa, wakafikia uamuzi wao. Jioni moja naibu wa chifu akabisha na wazee wawili wa Nyumba Kumi, mmoja ameshika rungu.

"Mama, tumesikia unapanda bangi kwa nyumba."

"Bangi! Mimi wa kwaya ya akina mama? Ingia basi, uikamate!" Mlango niliufungua mpaka ukagonga ukuta. Sijifunzi.

Aliingia, akatazama juu, akavua kofia. Akamsalimia mama kwa heshima, "Chamgei, kogo," vile tunavyomsalimia nyanya, akainama kwenye debe. Akaokota kimojawapo cha vile vitoto vilivyoanguka. "Mama, hawa ni mabibi bila mabwana," akaniambia. "Huko nje wadudu wa usiku, nondo, ndio huwapelekea unga wa maua ya kiume. Hapa kwako nondo ataingilia wapi?" Akachuma ua lenye kikonyo kitupu, akalisugua taratibu ndani ya ua lenye kibuyu. Alikuja kunikamata, akaishia kufungisha ndoa. Mpaka leo nikikutana naye barabarani namshukuru, naye hucheka.

Kimoja kilishika. Mama akaniomba nigeuze kiti chake akitazame. Kilinenepa wiki baada ya wiki, kisha kikachukua miezi kukauka, na mimi kila asubuhi nikienda kwanza kusikiliza kama mama anapumua. Kilipolia kavu nilipokigonga, tulikikata mdomo pamoja, tukakwangua ndani, akanionyesha jinsi ya kukisugua kwa kijiti cha mti wa senetwet kilichochomwa kikawa kaa. Nikatia maziwa. Tukangoja.

Siku ya kumimina, mursik ilitoka na michirizi yake ya kijivu. Mama akanusa. Nikashika ukingo wa meza. Akanywa yote, polepole, akafuta midomo.

"Makaa yamezidi," akasema. Halafu akaninyooshea kikombe. "Ongeza."

Nikamimina kwa pupa nikamwaga nusu mezani, na mama akanitukana vizuri sana, kama zamani, mpaka mabinti wa jirani wakasikia. Nikasimama pale na kibuyu mkononi nikishukuru.