Bolti za Magari Sita ya Okolona

Siku yangu ya kwanza kazini Louisville nilifika saa kumi na mbili na robo asubuhi, wakati gereji ilifunguliwa saa mbili. Nilikalia tairi kuukuu nje ya uzio nikasubiri. Meneja alipofika na kikombe chake cha kahawa alinitazama, akatazama saa, akaniuliza kama nimelala pale. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, kwa hiyo nilimjibu ndiyo. Huo ulikuwa mwaka 2014, nami nilikuwa na miaka hamsini na minne. Nyuma yangu nilikuwa na miaka ishirini na miwili ya ufundi katika milima ya Kivu ya Kusini, nikitengeneza gari la kanisa, la zahanati na la kila mfanyabiashara aliyethubutu kupanda kule juu.

Ninyi vijana mnaotengeneza magari kwa kuchomeka kompyuta mtanisamehe nikijisifu kidogo. Kule kwetu niliweza kushusha injini kwa kamba na vijana sita. Kumbe Louisville meneja alinipa kazi ya kufungua na kufunga matairi, na juu ya hayo akanikabidhi spana ya kipimo. Hiyo ni spana ndefu inayolia tiki bolti ikifika nguvu inayotakiwa, ili fundi asizidishe wala asipunguze. Nilimwambia, kwa ishara, kwamba mkono wangu unajua. "Mkono wako haujaandikwa kwenye kitabu," alinijibu, akanionyesha kitabu. Niliudhika wiki nzima. Baadaye niliipenda ile spana kuliko saa yangu ya mkononi.

Baada ya miezi saba nilihamishiwa chini ya magari, na huko ndiko nilikoanza kuona kazi ya kuinua mbele. Wamarekani wanapenda sana gari la four-by-four lisimame juu. Unaondoa springi na shokamzoba za mbele, unaweka ndefu na ngumu zaidi, unarekebisha mikono ya chini, yaani vile vyuma vinavyounganisha gurudumu na chesisi, na gari linapata nafasi ya kupita kwenye mawe na matope. Wengi hawaendi kwenye mawe wala matope. Wanakwenda dukani kununua maziwa. Sikuwacheka mbele yao.

Ndugu zetu wa kanisani, waliokaa Okolona, mtaa wa Louisville, karibu na maghala walikofanya kazi, wao walikuwa na sababu. Sisi ni watu wa ng'ombe. Mtu wetu akitaka kuoza binti, haendi kununua nyama iliyofungwa kwenye plastiki; anakwenda mashambani huko Kentucky, anapatana na mzungu mwenye mbuzi, na barabara ya kwenda kwa huyo mzungu, mvua ikinyesha, ni tope tupu. Basi walinunua magari ya zamani ya four-by-four wakaniletea. Meneja aliniruhusu kutumia uwanja wa nyuma Jumamosi mchana, kwa dhamana yangu mwenyewe. Niliinua magari sita, moja likiwa la mchungaji wetu. Yalisimama vizuri mno. Nilipewa sifa mpaka nikaanza kutembea kifua mbele.

Mwaka uliofuata tulihamia Columbus, maana binti yetu Neema alikuwa huko na alikuwa amejifungua. Nilipata kazi katika gereji isiyofanya kitu kingine ila kuinua magari. Fundi mkuu alikuwa mama mmoja mwembamba, miwani yake ikining'inia kwa uzi shingoni, na alizungumza pole pole kama anayemsomea mgonjwa. Siku ya pili alinikuta chini ya pikapu iliyokuwa juu kwenye mashine ya kuinulia, magurudumu yakining'inia. Nilikuwa nimemaliza kufunga kila kitu na sasa nakaza bolti za mikono ya chini.

"Simama," alisema. "Gari liko wapi?"

"Liko juu."

"Mwenyewe ataliendesha likiwa juu?"

"Hapana, mama."

"Basi lishushe kwanza, lisimame kwa miguu yake, halafu ukaze."

Akanieleza, na mimi nawaeleza ninyi. Kwenye kila ncha ya mkono wa chini kuna bushi, yaani mpira uliobanwa kati ya pete mbili za chuma. Ukikaza bolti, mpira unashikwa katika mkao ule ule uliokuwa nao. Ukikaza gari likining'inia, halafu ukalishusha, mpira unabaki umesokotwa kama nguo inayokamuliwa bila kuachiwa, mchana na usiku, mpaka upasuke. Unatakiwa kukaza magurudumu yakiwa chini, gari likiwa na uzito wake, ili mpira upumzike.

Mimi sikuwahi kujua hilo kwa sababu kwetu haikuwezekana. Kule milimani gari linawekwa juu ya mawe. Huna mashine wala shimo la kuingilia. Likishashuka huwezi tena kupenya chini yake, na mteremko wa kuelekea bondeni haumsamehi mtu aliyeacha bolti legelege. Kwa hiyo unakaza kila kitu likiwa bado juu, unakaza kwa kumwomba Mungu, kisha unatoa mawe. Magari yale yalikuwa na springi za mabamba na bushi za chuma za kupaka grisi, hayakudhurika. Nilikuwa nimebeba utaratibu wa mawe nikaupeleka kwenye mpira.

Magari sita ya Okolona, yote nilikuwa nimeyakaza yakining'inia.

"Mpira wa namna hiyo unadumu muda gani?" nilimuuliza.

"Kwenye lami, pengine mwaka. Kwenye tope na mashimo, miezi."

"Na ukipasuka?"

"Gurudumu la mbele linaanza kujitafutia njia. Ukikanyaga breki kwa nguvu, gari linakwenda linakotaka lenyewe." Alivaa miwani akanitazama vizuri. "Kwa nini unauliza?"

Nilimwambia nauliza tu.

Nilinyamaza wiki tatu, na sitawaficha kwamba nilinyamaza kwa hesabu. Nilijiambia gari la zamani likiharibika nani atajua ni nini kilichoanza? Kanisani kule mimi nilikuwa Baba Neema fundi. Watu walinipisha niketi mbele. Mtu aliyepoteza ng'ombe, nyumba na nchi hana vitu vingi vilivyobaki, na jina langu la ufundi lilikuwa kimojawapo. Sikutaka kulipoteza kwa sababu ya mpira. Lakini kila nilipoona mtoto amefungwa mkanda kwenye kiti cha nyuma cha gari refu, nilijikuta nainama kutazama bolti zake. Mwishowe nilimwambia mke wangu.

"Ulijua tangu siku gani?" aliniuliza Mama Neema.

"Wiki tatu."

"Na ulikuwa unakula chakula yangu, unanyamaza?" Aliweka mwiko chini. "Wale ni batoto ya kanisa, Baba Neema. Jumapili yenye inakuya utaenda kule, utasema mbele ya batu bote. Kwa simu apana. Kwa simu utaficha nusu."

Alinifahamu. Tulikwenda Louisville, na mchungaji akanipa nafasi wakati wa ushuhuda. Nilipopanda mbele watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi, wakidhani nimekuja kumshukuru Mungu kwa kazi mpya. Nilisema nilivyofanya, gari kwa gari, jina kwa jina, na nikasema msiende mashambani na magari hayo mpaka niyaguse tena. Makofi yalikufa. Nimewahi kusimama mbele ya askari wenye bunduki, na hiyo ilikuwa rahisi zaidi.

Baba mmoja wa watoto watano alisimama. "Donc, kumbe ile miezi yote tulikuwa tunabeba batoto mu gari mubovu? Na wewe ulikuwa unakula sifa?"

Nikasema ndiyo. Mchungaji, ambaye gari lake mwenyewe lilikuwa la tatu katika orodha, akainuka.

"Bon, basi. Hakuna mutu alimushitaki. Amejisemea yeye mwenyewe. Kisha ibada magari yote ipangwe pale inje, na banaume balete majeki."

Siku ile niliyakagua tu, kisha nikarudi Louisville Jumamosi nne mfululizo kuyatengeneza. Magari manne yalihitaji tu kulegezwa bolti na kukazwa upya yakiwa chini. La mchungaji, bushi mbili zilikuwa zimepasuka kabisa, niliweka mpya. Yule baba wa watoto watano alisimama pembeni mikono kifuani mpaka nikamaliza lake, akaondoka bila kuniaga. Hajanirudia tena kwa kazi, na simlaumu.

Likabaki la sita, la kijana mmoja aitwaye Ruben, aliyekuwa amehamia Buffalo. Nilimpigia, akaniambia kwa furaha kwamba gari alishaliuza kwa dada mmoja Mkenya anayesoma chuo kikuu kule Amherst, jirani na Buffalo. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, na Buffalo theluji haingoji mtu. Nilimweleza fundi mkuu kila kitu, nikitegemea kufukuzwa. Alinipa ruhusa ya siku tatu, na ile spana ndefu ya gereji akaiweka mwenyewe kwenye gari langu.

Nilifikia kwa Ruben, mtaa wa Kensington-Bailey, nikampigia yule dada, jina lake Njeri.

"Dada yangu, mimi ni fundi. Gari lako ni gonjwa, na mimi ndiye niliyeligonjweza."

"Ati nini? Mzee, nani amekupa namba yangu? Kama ni kuuza warranty ya gari mimi sitaki, please."

Akakata. Ruben alilazimika kumpigia na kumwapia kwa jina la mama yake kwamba sidanganyi, ndipo akakubali tukutane Jumamosi mchana, kwenye maegesho ya chuo, penye watu. Alikuja na rafiki yake, na rafiki alipiga picha namba za gari langu. Walifanya vizuri.

Nilitandika boksi la karatasi chini nikaingia. Nilitazama bolti ya kwanza, nikafuta matope kwa kitambaa nikatazama tena. Bushi zilikuwa mpya, zote. Kila nati ilikuwa na mstari mdogo wa rangi ya njano, alama anayoweka fundi baada ya kukaza kwa kipimo, ili ajue hajairuka. Niliweka spana, nati haikusogea. Kazi ilikuwa imefanywa, na ilikuwa safi kuliko yangu ya siku yoyote.

"Njeri, nani aligusa huku?"

"Aah, hiyo? Summer nilikanyaga breki hapo Bailey, gari ikanirusha kwa lane ya wale wanakuja. Haki, ni Mungu tu, hakukuwa na mtu. Nikaipeleka kwa garage fulani karibu na hapo, siku hizi walishafunga biashara kabisa. Kuna mzee wa hapo alibadilisha vitu huko chini."

"Alisema nini?"

"Hakusema kitu. Aliniambia tu niende pole pole kukiwa na snow."

"Hakuuliza nani aliinua gari hili?"

"Hapana. Kwani angeuliza ya nini?"

Ninyi mlio kazini mnajua kwa nini nilishangaa. Sisi mafundi, kokote tulikozaliwa, tukifungua gari swali letu la kwanza ni hilo: nani alikuharibia hivi? Tunaliuliza kwa sauti ili mwenye gari asikie, tunatikisa kichwa, na hapo hapo tunajipandisha kidogo. Mimi nimeliuliza maisha yangu yote. Huyu alikuta kosa ambalo lilikuwa karibu kumuua binti wa watu, akalirekebisha, akafunga mdomo. Nililala juu ya lile boksi bila kazi yoyote ya kufanya, machozi yakinishukia masikioni, mpaka Njeri akainama akauliza, "Mzee, uko sawa huko?"

Nilimwambia niko sawa, na gari lake ni zima.

Mwaka uliofuata nilihamia Buffalo, nikafanya kazi katika gereji ndogo ya mtaa ule mpaka magoti yalipokataa. Nilikuta kazi mbovu nyingi za wengine. Nilizirekebisha magurudumu yakiwa chini, na mwenye gari akiniuliza lilikuwa na nini, nilimjibu ni bolti chache tu. Niliulizia kila duka la vipuri habari za mzee anayetumia rangi ya njano. Wengine walisema alihamia kusini, wengine walisema amefariki. Sikumpata.

Siku hizi mimi ndiye ninayeombea chakula nyumbani. Nawataja watoto, nawataja wagonjwa, halafu namtaja yule fundi. Wajukuu wananiuliza kwa Kiingereza jina lake nani. Nawaambia silijui, wala yeye hakulijua langu.