Sikio la Fundi wa Giaboksi

Shemeji yangu, mume wa marehemu dada, ni fundi wa giaboksi, na mtaa mzima humwita Sikio. Kwa miaka arobaini amekuwa akiweka ncha ya bisibisi juu ya giaboksi, mpini sikioni, kisha anakutajia jino lililolika. Enzi hizo magari yalikuwa na klachi na dereva alitumia miguu yote miwili. Siku hizi mguu mmoja umestaafishwa, tunaambiwa ndiyo maendeleo.

Bintiye, mkunga, alinunua gari dogo la familia, otomatiki. Tena si otomatiki ya meno. Hii ndani ina mkanda wa chuma.

"Baba, nibadilishie oili ya giaboksi. Jumatatu naanza kazi hospitali ya mlimani. Nikichelewa siku ya kwanza, nafasi anapewa mwingine."

Mimi nilikuwa nimeshakisoma kitabu cha gari. Shule yangu ndiyo hiyo, kusoma kila karatasi inayonipitia.

"Shemeji, gari hili lina oili yake maalumu. Imeandikwa humu."

"Hicho kitabu kimewahi kushika spana?" Sikio akacheka. Akamimina oili ileile ya maisha yake yote, akatega sikio kwenye bisibisi. "Kimya! Nzima kama kigongo."

Kimya, ndiyo. Mkanda hauna adabu ya kupiga kelele kabla ya kufa.

Jumatatu asubuhi, katikati ya mlima, injini ikanguruma na magurudumu yakagoma. Binti akapiga simu. Sikio akanipakia kwenye mkweche wake, mkongwe kuliko bintiye, gia ya mkono. Tukampakia mkunga, tukapanda kwa gia ya kwanza, moshi ukitutangaza mtaa kwa mtaa. Alifika zikibaki dakika tatu zamu yake ianze.

"Baba, hili lako lina kitabu?" aliuliza akishuka.

"Lilikuwa nacho. Niliwashia jiko."

Hakucheka.

Giaboksi nyingine ilipofungwa, alileta kopo la oili. Hakumpa baba yake. Alinipa mimi.

"Mjomba, msomee."

Nikasoma lebo nzima, hata onyo la kuweka mbali na watoto. Sikio alisimama amekunja mikono, fundi wa miaka arobaini anasomewa kopo.

"Rudia hapo kwenye aina," akasema.

Nikarudia. Akamimina taratibu, binti akawasha gari, naye akaweka bisibisi sikioni kama zamani.

"Unasikia nini, shemeji?"

"Kimya."

Akaufuta mpini kwa kitambaa.